Mwanangu Alimkimbilia Aliyevaa Joho la Mama Yake

Tabora, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa admin,

Salamu kwako na kwa wote wanaosoma ukurasa huu. Jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani hapa Mtendeni. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie nisipopanga maneno vizuri. Mke wangu alifariki mwaka juzi baada ya kuugua siku chache tu, akaniachia binti aliyekuwa bado ananyonya. Huyo binti nitamwita Rozi, ingawa si jina lake. Sasa ana miaka miwili na nusu.

Rozi hatulii. Krismasi alinichomoka kanisani, akapanda hadi madhabahuni, akapuliza mishumaa ikazimika, kisha akajipigia makofi. Mzee wa kanisa alinirudishia akiwa amemkumbatia kama kuku aliyetoroka, akasema: "Baba Rozi, huyu ama umfunge kamba, ama umpeleke akasomee uchungaji." Watu walicheka, nami nikacheka. Hata mama yake hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa akipika huku anaimba sauti ya pili, na akisahau maneno anaimba "mboga, mboga" mpaka ubeti uishe.

Kwetu Pasaka huanzia makaburini. Alfajiri, kabla jua halijatoka, kila familia husimama kwenye kaburi la mtu wake. Tarumbeta zinalia, kwaya inapita katikati ya makaburi ikiimba kwamba Bwana amefufuka, halafu wote tunaandamana kwenda kanisani. Jana nilisimama pale nimemshika Rozi mkono, pamoja na mama mkwe wangu aliyekuja kwa treni kutoka Bukene ili asali kwenye kaburi la mwanawe. Giza lilikuwa halijaisha. Kwaya ikakaribia, nikaona joho la mke wangu linakuja.

Sisemi joho linalofanana na lake. Majoho yote ya kwaya ni ya bluu yenye kola nyeupe, lakini pindo la lile nililishusha mwenyewe kwa uzi mweupe, maana uzi wa bluu ulikuwa umeniishia. Mke wangu alinitania mwezi mzima: "Fundi wa watu, mkeo unamvisha viraka." Basi nikauona ule mshono mweupe unapita juu ya nyasi, kwa kimo kilekile. Nawaambia ukweli, nilisahau kwamba nimesimama kwenye kaburi lake. Nilitaka kumwita.

Rozi aliniwahi. Alichomoa mkono, akaruka kaburi la jirani, akaikumbatia miguu ya dada aliyelivaa. "Mama! Mama kaja!"

Yule dada ni mgeni kwenye kwaya. Alimwinua bila kuacha kuimba, na Rozi akalaza kichwa begani kwake. Kanisani, mtoto ambaye kwa kawaida hasubiri hata sala ya chakula iishe, alikaa kwenye benchi la kwaya ibada nzima, kimya, ameshika ile kola.

Mama mkwe hakuimba tena. Tulipofika nyumbani hata hakukaa.

"Baba Rozi, lile joho limefikaje pale?"

"Ni mali ya kwaya, mama. Mwenyekiti wao alilichukua wakati wa msiba, ndio utaratibu wao."

"Na mwanangu naye alikuwa mali ya kwaya?"

"Hapana, mama."

"Nguo zake tuligawana mbele ya ndugu. Kila aliyepewa namjua. Huyu nani alimpa? Mtu baki anavaa nguo ya marehemu, anapita nayo kwenye kaburi lake, mtoto anamwita mama! Mwanangu atalalaje?"

Akasema Jumatano anarudi Bukene. Kama joho halijafika mikononi mwake, ataondoka na Rozi. Si mtu wa kutishia bure. Na namsikia anavyolia chumbani.

Jioni yule dada alileta kiatu cha Rozi kilichobaki kanisani. Alikuwa amevaa gauni la kawaida na kitenge. Akapiga magoti: "Shikamoo mama." Mama mkwe akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Yule dada akasema hakujua joho lilikuwa la nani, na yuko tayari kulitoa, yeye mwenyewe atazungumza na mwenyekiti. Kisha akamnyooshea Rozi mikono. "Njoo, rafiki yangu."

Rozi akajificha nyuma ya miguu yangu. "Baba, nani huyo?"

Hakumjua kabisa.

Ndipo nilipoinua macho ukutani. Tuna picha moja tu nzuri ya mke wangu, amesimama na joho lake, imepigwa kwa mbali. Kila jioni namnyanyua Rozi aibusu, namwambia, "Huyu ndiye mama." Uso wenyewe ni mdogo kama punje ya mahindi. Kinachoonekana ni joho. Ndugu zangu, mwanangu hamjui mama yake. Anajua nguo, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Leo fundi mwenzangu kanitania: "Si umuoe huyo dada, joho lirudi nyumbani na mtu ndani yake!" Sikuweza kucheka.

Nikilichukua, mama mkwe atalifungia sandukuni, moyo wake utatulia, na Rozi atabaki kwangu. Lakini Jumapili atalitafuta kwenye kwaya. Nitamwambia mama kaenda wapi tena? Nikiliacha, ninampoteza mtoto mwenyewe. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: hata mimi nataka kuliona tena Jumapili. Likishafungiwa sandukuni, naogopa itakuwa kama kuzika mara ya pili.

Nishaurini, hasa ninyi mliolea yatima. Nifanye nini kabla ya Jumatano? Na kama huna la kunishauri, basi ukisali usiku wa leo mtaje fundi wa Tabora na binti yake. Mtukumbuke tu.