Itifaki Inayokubali Kusema Sijui

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Mitaboni, mwanangu, na mpaka leo inanijia kama ndoto ya mchana. Vilima vimefifia kwa vumbi jembamba, ng'ombe wanalia mbali, na mimi, kijana wa wakati huo, nimesimama nikitazama maji ya buluu yakipanda na kushuka ndani ya simu.

Yalikuwa maji ya picha tu. Mradi wa maji ulikuwa umetupa kazi, mimi na mwenzangu Mutinda, ya kutengeneza ukurasa ambao akina mama wangefungua waone kioski kipi, yaani kibanda cha kuuzia maji, kina maji kabla ya kufunga safari. Kilichobaki kilikuwa itifaki, yaani utaratibu wa ukurasa kuzungumza na seva iliyohifadhi habari za matangi. Mimi nilitaka njia iliyo wazi kutwa, seva isukume habari yenyewe bila kuulizwa, na picha icheze. Mutinda alitaka ya kupiga hodi: ukurasa uulize, ujibiwe, uondoke, usipojibiwa, useme hivyo. Nikamcheka, nikamwambia hiyo ni ya kizee. Ujana, mwanangu, hupenda kinachocheza.

Mkubwa wetu, Mama Syombua, hakubishana nasi. Tulifungua kurasa zote mbili mjini Machakos alfajiri, kisha akatupeleka mlimani Mitaboni kwa ajuza mmoja tuliyemwita Mwaitu Kanini, maana mwaitu kwetu ni mama. Alilea wajukuu watatu, na punda wake mzee aliweza safari moja tu kwa siku. Akikuta kioski kikavu, watoto walilala bila maji.

Tukampa simu zote mbili. Kwenye yangu tangi la kioski cha chini lilikuwa limejaa, maji yanayumba polepole, hata mimi nilitamani kusinzia nikiyatazama. Kwenye ya Mutinda palikuwa na maneno tu: "Seva haijajibu tangu alfajiri. Hatujui kama kuna maji."

"Hii ya maji ndio nzuri," Mwaitu akasema, akishika kamba ya punda. "Maji iko. Wacha niende."

Mama Syombua akamzuia kwa upole. "Ngoja kidogo, Mwaitu. Wacha nipigie mwenye kioski."

Intaneti ilikuwa imekatika tulipoanza kupanda mlima, lakini simu ya kawaida ilishika. Mwenye kioski akajibu kwamba tangi lilikauka kabla watu hawajanywa chai. Kioski cha juu ndicho kilichokuwa na maji.

Mwaitu akamgeuza punda kuelekea juu. Mama Syombua akanitazama. "Seva yako imenyamaza tangu tutoke mjini, na wewe bado unaonyesha huyu mama maji ya alfajiri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yeye hatafuti kitu ya kutazama. Anataka kujua punda aende wapi."

Niliona aibu, mwanangu, nikatamani ardhi inimeze. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya kwangu ingekuwa ndefu kwa punda mzee. Adhuhuri wajukuu walikunywa, nami nikasimama pale nawasikiliza wakimeza.

Basi nisikilize. Njia iliyo wazi kutwa si mbaya. Pana mahali pake, mtandao ukiwa imara na habari zikibadilika kila dakika, mradi uipe namna ya kujipima kama bado i hai. Ila unapochagua, usianze kwa kuuliza ipi ina kasi au ipi inapendeza. Uliza kwanza: ikikatika, itamwambia nini aliye upande wa pili? Chagua ile inayoweza kukiri kwamba haijui. Hata rafiki, hata mchumba, mchague hivyo hivyo.

Mungu aibariki mikono yako na kazi yake. Na yeyote atakayefunga safari kwa kuliamini neno lako, afike akute maji.