Mashine Iliyomwaga Maneno ya Watu

Hamim haketi. Ukimtafuta katika jengo letu la Old Kampala utamkuta ngazini, anapanda au anashuka, bisibisi mfukoni, anagusa waya huu, anategea sikio ukuta ule. Baba yake alitengeneza saa katika jengo hili hili, na alikuwa hainuki kitini mpaka adhana. Mtoto wake amerithi vidole vile, utulivu hakuurithi. Simlaumu. Saa ilikuwa kitu ambacho ukikifungua unaona ubovu ulipo.

Chini ya ngazi, pale ambapo wenye jengo wa kwanza waliweka magunia ya mchele, kuna kompyuta moja isiyozimwa. Maduka yote yalichangia laini moja ya intaneti, na kompyuta hiyo husimama katikati. Mtu akitaka ukurasa, mashine huufuata, humletea, kisha huweka nakala ili jirani akiutaka naye usivutwe tena kutoka mbali. Vijana huiita proksi.

Lakini kurasa za siku hizi husafiri zimefungwa kwa lakiri kama barua za siri, na mashine haiwezi kuweka nakala ya kisichoonekana. Basi Hamim aliiwezesha kuvunja lakiri, kutazama ndani, na kufunga upya kwa lakiri ya jengo. Kila simu ilipaswa kuikubali lakiri hiyo. Kwingine watu wangekataa, na wangekuwa na haki. Kwetu walikubali wote, sisi Waislamu wa maduka ya chini na Wakongo wa ghorofani, kwa sababu aliyeomba alikuwa Hamim, na mtu wa ukoo ule hasomi cha mwenzake. Hiyo ndiyo amana ya mwisho ya namna ile niliyoiona mjini hapa.

Iliharibika asubuhi moja ya mvua. Jibril, muuza vifuniko vya simu, alikuwa anafungua tovuti ya bidhaa zake. Ukurasa ukakwama, ukaja mweupe wenye tangazo la kosa, na chini ya tangazo kulikuwa na mistari isiyo yake: fulani anamwandikia ndugu yake kwamba anahamia Kalerwe, kwenye soko la vyakula, mwenye nyumba asijue kwanza, na mwisho jina la Bisimwa, muuza vitenge wa ghorofani. Zamani mtu angefunga macho. Jibril alitoka nje akaita juu, mbele ya wateja:

"Papa Bisimwa, unatuhama hata kwaheri hutupi? Au Kalerwe wanauza vitenge na nyanya pamoja?"

Watu wakacheka. Mwenye nyumba naye alisikia, na kabla ya jua kuzama chumba cha Bisimwa kilikuwa kimeahidiwa mtu mwingine. Bisimwa alikuwa bado hajapata pa kuweka majora yake. Alishuka hadi chini ya ngazi, mtu mpole wa Bukavu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza. Alimwambia Hamim kwamba maneno yale aliyaandika kwenye kompyuta yake, mlango umefungwa, na kati yake na ndugu yake kulikuwa na mtu mmoja tu.

Tangu hapo Hamim hakulala vizuri wala hakula vizuri. Jina lake ndilo lililokuwa mezani, na hakuwa na kingine cha kuwaachia watoto. Alisoma, akauliza mafundi wenzake wa Naguru, na mwisho akalikuta kosa, ndani ya programu inayoiendesha mashine. Waliotunga programu ile walikwisha kutangaza kosa lake na kutoa toleo jipya. Yeye alichelewa kuliweka, maana kila alipobadilisha kitu kwenye mashine, jengo zima lilipaswa kukubali lakiri upya, na watu walinung'unika kwamba anawasumbua. Aliwahurumia.

Kosa lenyewe ni la kitoto. Chukua mkunjaji wa vitambaa. Mteja analeta kipande cha yadi tatu, anasema ni kumi. Mkunjaji mwenye akili hupima. Huyu hapimi, ameamini mdomo; anakunja yadi kumi, na zile saba zilizopungua anazivuta kutoka jora la jirani lililo mezani. Mashine ilikuwa hivyo. Ombi likidai kuwa refu kuliko lilivyo, ilijaza pengo kwa chochote kilicholala karibu katika kumbukumbu yake, na karibu yalilala maneno ya watu wengine. Programu hiyo imeandikwa na watu wenye shahada, na hakuna aliyeshika yadi.

Hamim aliijaribu peke yake, mchana, mlango umerudishwa. Alitunga ombi fupi, akaiambia mashine kwamba ni refu. Jibu likaja na mkia. Mkia ule ulikuwa wa Hajati Mariamu, mjane wa duka la mwanzo, akiiandikia kliniki habari za ugonjwa ambao hajawaambia hata wanawe. Hamim alifunga ukurasa. Lakini jicho likishaona limeona.

Hata hivyo alikuwa ameshapata ushahidi wake, na baada ya swala ya alasiri wakazi walikusanyika kwenye ukumbi wa chini, kando ya ngazi, kumsikiliza. Aliieleza habari ya kosa. Nyuso zilimtazama kama zinavyomtazama mtu anayemsingizia paka wizi wa nyama. Bisimwa alisimama pembeni, mikono nyuma. Jibril akasema kompyuta ya fundi ina bahati, imepata wakili. Aliyesema kwa uzito alikuwa Hajati Mariamu, ambaye alimjua Hamim tangu anatambaa.

"Mwanangu, tuonyeshe. Ifanye itapike hapa mbele yetu, tukutoe lawamani. Mwenye haki haogopi mwanga."

Kompyuta ilikuwa imeinuliwa juu ya meza bila kuzimwa, kioo kimewaelekea. Vidole vyake vilikuwa juu ya vibonye. Hakujua mkia wa nani ungetoka. Ungeweza kuwa wa yeyote kati yao, na ungeweza kuwa ule ule. Alimtazama bibi yule, akatazama kioo. Kisha akachomoa waya ukutani.

Yaliyo katika kumbukumbu ya aina ile hupotea umeme ukikatika, na ushahidi wake ulipotea nayo. Hajati Mariamu akajifunga mtandio wake vizuri na kusema taratibu, "Basi tumeona." Akatoka, na wengine wakamfuata.

Hamim aliweka toleo jipya siku ile ile. Mashine sasa inapima. Hakuna anayeitumia; kila duka limejinunulia laini yake, na kila mtu sasa anamwamini mgeni asiyemjua, wa kampuni asiyoiona. Yeye bado anapanda na kushuka, anakagua waya zisizopitisha kitu. Hajati humjibu salamu akiwa anatazama mizani ya duka lake.

Bisimwa alipohama, waliomchukulia majora walikuwa wawili, mwenye gari na Hamim. Hakuombwa. Walibeba mpaka jora la mwisho, na hapo Bisimwa akaushika upande wake bila kuuinua.

"Fundi, niambie leo, ninakwenda. Ulisoma?"

"Yako sikuyasoma."

Bisimwa akauliza: "Ya nani, basi?"

"Inua upande wako, Papa," Hamim alisema. "Mvua inakuja."