Kisima changu kimekutwa na dawa, wateja wamekimbia spiriti

Jamani, leo nimeletewa majibu ya maji na mpaka sasa sielewi nimefaulu au nimefeli.

Kisima hiki cha hapa kwetu Mtawanya nilikichimba kwa nguvu zangu, na ndicho kinachotulisha nyumbani. Mtaalamu aliyekuja kuchukua maji ya kupima wiki iliyopita kayasoma majibu mbele ya wateja.

"Mama, tumeona chembe za dawa ya maumivu. Ni kidogo sana, tunatafuta zinatoka wapi."

Nikajua biashara imekwisha.

Hakuna aliyeshtuka.

Akaongeza, kwa fahari kabisa, kwamba mtambo wao wa kutenganisha kilichomo majini hautumii tena kemikali za sumu zinazoharibu mazingira. Unatumia spiriti.

Hapo ndoo zikatua chini.

"Spiriti hii ya pombe? Na sisi tunatawadhia maji haya?" akauliza jirani yangu Bi Somoe.

Nikaeleza kwamba spiriti iko maabara, kisimani haijafika. Wapi. Wateja kumi na mmoja, tisa wakaondoka.

Waliobaki ni Mzee Hamisi mwenye goti linalouma, na mkewe mwenye mgongo.

"Tujazie, mwanangu. Hiyo dawa wanaipata wote, au wanaochota mwanzo tu?" akauliza mzee.

Nyie mliosoma, niwajazie au nifunge kisima?