Maji Baridi na Chumvi

Asubuhi ile nilimkuta mke wangu uani anaanika shuka letu.

"Si ulilifua juzi hili?"

"Umelimwagia chai, mzee. Mikono yako siku hizi inajichezea ngoma yenyewe."

Nikacheka. Mikono yangu hutetemeka kweli. Nikabeba nyundo na gundi, nikaenda kushona viatu vya watu.

Yeye alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka ya wodi ya wazazi ndiyo yaliyommaliza vidole. Damu aliijua: maji baridi na chumvi, maji moto yanaigandisha. Hedhi yake ilikuwa imekoma zamani. Ikarudi uzeeni, naye akawa anaifua kabla sijaamka. Halikubaki doa la kunishtua.

Mchana ule alianguka kazini, kwenye masinki. Wenzake wakambeba mpaka wodini.

Daktari, binti mdogo tu, alituambia taratibu. Kuna uvimbe mbaya ndani ya mfuko wa uzazi, bado haujatoka nje. Mfuko ukiondolewa sasa, kupona kupo.

"Mama, damu ikishakoma ikarudi, hata tone, si ya kufua na kunyamaza."

Mke wangu akageukia ukutani. Akasema hautolewi.

Shemeji yangu, mdogo wake, mdomo wake hauna breki. "Dada, mfuko wa nini umri huu? Unataka kupanga foleni ya kliniki na mabinti?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Akakataa vilevile.

Tulimbembeleza. Uvimbe haukungoja. Ulipotoka nje ya mfuko, daktari aliacha kutaja upasuaji, akawa anatupa dawa za maumivu. Tukamzika.

Sasa kila alfajiri nasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Natoka. Beseni kavu, kamba tupu. Nikirudi kitandani, upande wake una ubaridi wa nguo mbichi. Shemeji anasema ni uzee. Sawa.

Tuliwahi kupata mtoto mmoja, wa kike. Alizaliwa kimya, hakulia, tukamzika siku ileile. Watu wameshamsahau. Sisi wenyewe hatukuwa tukimtaja.

Kabla mke wangu hajaishiwa nguvu nilimuuliza anachoogopa kwenye kisu ni nini. Akanishika mkono huu unaotetemeka, akauweka tumboni mwake.

"Siogopi kisu, mzee. Mwanetu hakuishi kwingine ila humu. Wakiuondoa, nitasema aliishi wapi?"