Waliolala Inzara

Nilipokuwa mtoto sikupita Inzara hata siku moja bila kwanza kupapasa mfuko wa gauni langu. Inzara kwa Kiha ni njaa, na ndivyo tulivyopaita mahali pale, kwenye kona ya mlima katika barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, palipokuwa na rundo la mawe lililonizidi kimo. Chini ya mawe walilala watu walioanguka wakitafuta chakula katika njaa kubwa ya utoto wa Bibi yangu, mama yake baba. Waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuchimba makaburi, wakawafunika kwa mawe.

Mila yenyewe ilikuwa rahisi. Ukipita na chakula, unawaachia kidogo, punje za mahindi au kipande cha muhogo. Usipokuwa nacho, unaweka jiwe. Mwenye chakula akiwapita kimya, alisema Bibi, atakula asishibe. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi, na sijabadilika sana. Niliogopa hata harage moja lililojificha kwenye pindo la nguo. Siku moja nilimshtakia Bibi kwamba nimeona mbuzi wakila tulichowaachia wafu.

"Kwani wewe ulitaka mbuzi nao wafe njaa?" akaniuliza.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tuliotawanyika kwenye vilima vya karibu na Inzara tuliamriwa kukusanyika katika kijiji kipya, mbali kuelekea Kasulu. Tuling'oa hata mlango wa nyumba tukaupakia kwenye lori. Dereva alikuwa mzee wa Kiislamu wa Kasulu mjini, Bwana Salumu, mwenye Kiswahili cha pwani ambacho mimi nilidhani ni kuimba. Bibi aliwekwa mbele kwa sababu ya magoti yake, nami nikapakatwa. Kati yetu na dereva aliketi katibu, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine kusimamia uhamisho. Mama na wengine walikuwa nyuma, juu ya mizigo.

Tulipoikaribia ile kona Bibi akasema, "Simamisha."

"Hatusimami, bibi," katibu akajibu. "Tuna safari nyingine kabla jua halijazama."

"Sisemi na wewe, mjukuu wangu. Nasema na mwenye usukani."

Bwana Salumu akapunguza mwendo. "Kuna nini hapa, bibi?"

"Kuna watu."

Akachungulia. "Mbona siwaoni?"

"Hata siku walipoanguka watu walipita wasiwaone."

Gari likasimama. Katibu akashusha pumzi, akamweleza Bibi kwa upole, kama mwalimu, kwamba kijiji kipya kina shule, kitapata zahanati, na mambo ya njaa yamekwisha.

"Shuka basi ukawaambie wao," Bibi akasema.

Tulishuka mimi na Bibi. Hapo ndipo nilipoona shida. Magunia yetu yalikuwa chini kabisa ya mizigo, chini ya vitanda na vinu na kuku waliofungwa miguu. Mkononi hatukuwa na hata punje. Nikaokota jiwe. Bibi akanizuia.

"Jiwe ni la asiyenacho. Sisi tunacho. Tutawadanganya?"

Niliona tukiondoka bila kuwaachia kitu, tukifika kule, tukila, tukila, tusishibe. Bwana Salumu alitoka upande wake akiwa na kifurushi cha gazeti.

"Bibi, hawa watu wako wanakula chapati?"

"Aliyekufa njaa hachagui."

Hata katibu alicheka. Bibi akaimega chapati, akaiweka juu ya mawe, akamwita kwa jina dada yake mkubwa, Ntibona, aliyekuwa miongoni mwao. Mpaka siku ile sikujua kama alikuwa na dada. Alipomaliza akaketi kando ya rundo, hakuinuka.

"Tukishaondoka sote," alisema, "nani atapita hapa?"

Nilielewa kwamba muda wote hakuwa akihofia tumbo lake wala langu. Alihofia kwamba watu wale wangeachwa njiani mara ya pili.

"Mimi nitapita," alisema Bwana Salumu.

"Wewe ni mtu wa mjini. Utasahau."

"Nitasahau vipi, na gari langu linapanda mlima huu kwa kujikongoja? Nikiwanyima wakanishikia gari hapa, nitalala na nani porini?"

Bibi akamtazama sana, kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Mwaka uliofuata, kijijini, tulipanga foleni ya unga wa njano wa msaada. Mama alisema njaa ile ni kwa sababu tuliacha mashamba yenye mihogo tukaanza na pori, na kwa yote niliyosoma baadaye, Mama alikuwa sahihi. Lakini naukumbuka ugali ule: nilikula, na sikushiba.

Bibi alifariki kabla sijaenda chuo kikuu. Likizo yangu ya kwanza nilipanda basi kutoka Kasulu kwenda Kibondo kumsalimia shangazi. Kwenye ile kona dereva alipunguza mwendo, na kondakta, kijana mchangamfu, akamega andazi lake akatupa kipande dirishani. Abiria mmoja akatupa karanga.

"Kaka, mnatupa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Usipotupa kitu hapa, dada, gari linashikwa. Madereva wote wanajua."

"Linashikwa na nani?"

"Nitajuaje? Na wenyewe."

Ningeweza kunyamaza, mila ilikuwa hai, hata bila maana yake. Lakini kulikuwa na mtu pale mwenye jina. Nikamwambia kwamba ni watu waliokufa njaa, na mmoja aliitwa Ntibona, dada yake bibi yangu, aliyekufa bado msichana mdogo.

Kijana akalitazama andazi lililobaki mkononi mwake.

"Si ungesema mapema," akasema, akalitupa lote.

Niligeuka kutazama nyuma. Kwenye vilima vile hapakuwa na nyumba hata moja, nyasi tu, na rundo la mawe ambalo wapita njia walikuwa wakililisha miaka yote bila kujua wanamlisha nani. Sasa mmoja wao alijua.