Barua Niliyomwandikia Mama Zaina

Nafundisha watu wazima Kiingereza hapa Mikelenge, nao wananipenda kwa sababu nachekesha. Juzi hakucheka mtu.

Wakati wa vita nilijua barua moja tu ya Kiingereza, niliyoikariri kitabuni, na nusu yake sikuielewa. Mama Zaina akaja kwa miguu toka Tunda. Askari walikuwa wamemchukua mume wake. Akaniomba niwaandikie kwa Kiingereza wageni wa shirika la msaada wamtafute. Ningesemaje sijui, mimi niliyeitwa profesa? Nikamwandikia ile ile ya kitabu, kwa mwandiko mzuri sana, na chini, mahali pa jina la mwandishi, nikatia la mume wake. Nakala yake akaiweka sandukuni miaka yote.

Juzi akaingia nayo darasani. Binti yake Amina njo mwanafunzi wangu bora. Kwa bahati mbaya nimemfundisha vizuri.

"Soma, mwanangu," Mama Zaina akamwambia. "Hatukupata jibu hata siku moja. Nataka nisikie tuliwaambia nini."

Amina akasoma kimya. Akaniangalia, akasoma tena.

"Mama," akasema polepole, "baba anashukuru kwa keki. Anasema atarudi likizo ijayo."