Kipepeo wa Matembele

Nilichukia ile picha ya ukutani darasani mwangu. Ilionyesha yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo wa buluu ambaye hakuna mtoto wa mtaa wetu wa Majengo aliyewahi kumwona. Kila asubuhi watoto wangu wa mwaka wa kwanza waliziimba hatua zile kwa Kifaransa kama kasuku. Kiwavi halisi ningemtoa wapi? Tangu mlima utapike moto, uwanja wetu ulikuwa mawe meusi matupu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kwa mwanamke mwenye ulimi wa wembe: mama muuza matembele, yale majani ya viazi vitamu. Nilimwomba fungu lenye viwavi, kwa sauti, mbele ya wateja wake.

"Madamu, unatafuta kuniharibishia soko?" alinijia juu. "Matembele yangu haiko na badudu! Enda utafute badudu kwenu!"

Akanirushia fungu kifuani. Viwavi walikuwamo, tena wanono. Sikumshukuru.

Niliwafuga darasani ndani ya katoni iliyofunikwa kipande cha chandarua. Mkurugenzi wa shule akasema nimeleta uchafu. Nikamjibu kwamba uchafu ni choo chake kisicho na mlango. Nilitaka jambo moja tu: watoto wamwone kipepeo akitoka kabla waasi hawajaingia mjini na shule kufungwa. Mizinga ilisikika karibu zaidi kila wiki, na viwavi wale, sasa wakiwa pupa, walining'inia tu, hawana haraka. Hata wao niliwakasirikia.

Mmoja alitoka asubuhi, katikati ya somo la hesabu. Alikuwa wa rangi ya chungwa, mabawa yamejikunja kama nguo iliyolaliwa. Nikaondoa chandarua, nikawaita watoto wote mbele. Kwa mara ya kwanza mwaka ule darasa lilinyamaza bila fimbo. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi sana.

Ndipo msichana mmoja, aliyekimbia vita na mama yake kutoka upande wa Rumangabo, akavua kandambili na kumponda kipepeo. Pa!

Nilimkamata mkono. "Uko na wazimu? Juu ya nini umemuuwa?"

Hakulia. Alinikazia macho kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

"Huyu njo anakulaka viazi yetu, Madamu. Mama anasemaka, ukimuona umuuwe mbio, asitage mayai."

"Shamba iko wapi hapa?" nilifoka. "Hapa ni mawe tu! Atakula viazi gani?"

Akaikung'uta kandambili yake, akaivaa, akaniangalia tena.

"Na kule kwetu," akauliza, "batu bote balikimbia. Sasa hii badudu nani anabauwa?"

Wenzake waliotoka huko huko wakanigeukia, wakingoja Madamu ajibu.